Wakuu, mkinunua mziki wa nyumbani mnaujaribia rekodi gani? Besi nzito peke yake inadanganya

#1 Ngosha Nyegezi
Habari za jioni wakuu. Nina swali ila naanza na msimamo wangu kabisa ili anayetaka kubisha abishe: wengi tunanunua takataka kwa sababu dukani tunawekewa wimbo mmoja wenye besi nzito, sakafu inatikisika, tunatoa hela. Besi ikizidi inafunika kila kitu, huwezi kujua kama sauti ya muimbaji inatoka inavyotakiwa au gitaa la solo lipo au limemezwa.

Nimeachana na sabufa, nimechukua amplifaya ya mtumba ya Kijapani na spika zake mbili za mbao pale Mlango Mmoja, hapa Mwanza. Dukani ilipiga mpaka nikasema hapa nimemaliza. Home naweka nyimbo zangu za kwenye flashi, waimbaji wapo mbali, vitu vya juu vinachoma masikio, alafu kinachouma zaidi sabufa ya zamani kwa nyimbo hizohizo naona ilikuwa tamu kuliko hii. Sasa sijui tatizo ni mziki, ni nyimbo au ni chumba. Sebule ni mita 4 kwa 3 na nusu, vigae chini, ukutani plasta tupu.

Naomba tutajiane rekodi ambazo mtu akiziweka anajua ukweli wa spika zake. Sio nyimbo unazozipenda, nataka zilizorekodiwa vizuri. Nawasilisha.

#2 Dogo wa Kirumba
Weka singeli mzee. Singeli ikipita bila spika kupasuka huo ndo mziki.

#3 Fundi Igoma
Kabla ya rekodi mkuu, hizo nyimbo za kwenye flashi ulizipata wapi? Ulizitoa kwenye CD mwenyewe au uliingiziwa kibandani?

#4 Ngosha Nyegezi
Niliingiziwa stendi. Ila jamaa alinihakikishia zote ni 320, na nimeangalia kwenye kompyuta kweli zimeandikwa 320.

#5 Fundi Igoma
Nilijua tu. Sikiliza mkuu, vibanda vingi nyimbo wanazitoa YouTube, na sauti ya YouTube yenyewe inakuja kwa kilobiti 128 mpaka 160 hivi kwa sekunde, tayari imeshabanwa. Jamaa anaichukua anaigeuza iwe MP3 ya 320. Hapo amekuongezea uzito wa faili tu, kilichokatwa mwanzo hakirudi, na kule kugeuza ni kuibana mara ya pili. CD halisi ni kilobiti 1,411 kwa sekunde. Piga hesabu ya wimbo wa dakika nne: kwenye CD ni MB 42 hivi, MP3 ya 320 ni MB 9 na ushee, ya 128 haifiki MB 4. Sasa ile tofauti imeenda wapi?

MP3 ya 128 kwa kawaida inakata kila kitu juu ya kilohezi 16 hivi, yaani sauti za juu kabisa, na hata chini ya hapo inabahatisha. Ndo maana matoazi na kayamba kwenye hizo faili yanasikika kama maji ya bomba yanayomwagika kwenye ndoo ya bati, ile "shwaaa" isiyo na mwanzo wala mwisho. Sabufa yako haikuwa na twita ya maana, ile spika ndogo ya sauti za juu, kwahiyo ilikuficha. Spika mpya zinakuonyesha. Mimi nasema hivi, spika zako ni nzima, nyimbo zako ndo mbovu.

#6 Mjenzi Buhongwa
Umehukumu mapema fundi. Mtu kakutajia mita 4, vigae, plasta tupu, hapo hata ungemletea bendi yenyewe ipige sebuleni ingechoma masikio. Nitarudi nikitoka saiti.

#7 Mama wa Kwaya
Hamjambo. Mimi sio fundi, ni muimbaji wa alto, na kipimo changu ni sauti ya mtu. Sikio la binadamu linaijua sauti ya mwenzie kuliko chombo chochote. Gitaa likibadilika kidogo utasema labda ndo lilivyo, ila sauti ya mama ikitokea puani unashtuka.

Chukua rekodi ya kwaya ambayo umewahi kuisikia ana kwa ana kanisani. Hapa kwetu tuna kwaya kubwa zinajulikana nchi nzima, mfano AIC Makongoro. Weka wimbo mmoja alafu jaribu kuifuata sauti moja tu mwanzo mpaka mwisho, soprano usiihesabu maana ipo juu kila mtu anaisikia. Fuata alto, au fuata teno ya pili. Kama zinapotelea kwenye soprano na besi, spika zako zina shimo katikati, na katikati ndo kwenye maneno. Kwa wimbo wa injili ukikosa maneno umebaki na nini?

#8 Dogo wa Kirumba
Mama umeongea. Ila kwaya nyingi siku hizi kinanda kimekaa juu ya kila mtu, alto mnawaficha nyie wenyewe 😂

#9 Mama wa Kwaya
Hilo ni kweli mwanangu na tunagombana nalo kila tukienda studio. Ndo maana nimesema kwaya uliyoisikia ana kwa ana, ili ujue nani kaificha, studio au spika.

#10 Mtu wa Rorya
Wakuu mnazunguka mbali na dawa ipo hapahapa ziwani. Tafuteni albamu ya Ayub Ogada inaitwa En Mana Kuoyo, imetoka lebo ya Real World mwaka 1993. Mjaluo wa Kenya, nyatiti yake yenye nyuzi 8 na sauti yake, vyombo vingine vichache tu. Wimbo wake wa Kothbiro watu wengi waliusikia kwenye filamu ya The Constant Gardener ya 2005 bila kujua ni wa nani.

Faida ya rekodi ya vyombo vichache ni kwamba hakuna pa kujificha. Kila uzi wa nyatiti unatakiwa uusikie ukikung'utwa, alafu mlio wake unafifia taratibu mpaka unaisha, na kabla haujaisha uzi mwingine umeshaingia juu yake. Spika mbovu inakupa "ting ting" inakata. Spika nzuri unasikia mpaka mwili wa chombo. Mimi nimekulia nyatiti zinapigwa misibani, najua inavyolia, na kwa hii rekodi sidanganywi na muuza duka yeyote.

#11 Bukoba Kwetu
Na Saida Karoli mbona hamumtaji? Mtu wa ziwa letu kabisa, sauti ile hakuna spika itakayoipinga.

#12 Fundi Igoma
#11 sauti haina mpinzani ila nakala nyingi zinazozunguka zimetolewa kwenye kanda zikageuzwa MP3 zikageuzwa tena. Ukiwa na CD yake halisi itunze kabisa. #10 naunga mkono mia kwa mia.

#13 Mzee wa Santuri
Salaam vijana. Nawashangaa hamjataja zilipendwa.

#14 Dogo wa Kirumba
Shikamoo mzee. Zilipendwa zina mikwaruzo na ni mono, utajaribiaje spika mbili kwa nyimbo ya spika moja?

#15 Mzee wa Santuri
Marahaba. Hiyo mono ndo kipimo chenyewe. Bendi zetu miaka ya 60 na 70 zilikuwa zinaingia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, wanapiga wote kwa pamoja, maiki chache, kwenye tepu, basi. Hakuna kurudia mstari mmoja mmoja. Muimbaji anajua akikosea wanaanza upya wote kwahiyo hakosei. Wapiga tarumbeta wanasimama nyuma ili wasiwafunike wengine, na ukisikiliza vizuri unasikia kabisa kwamba wapo nyuma.

Sasa weka NUTA Jazz au Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz, kaa katikati ya spika zako mbili, umbali wa kwako mpaka kila spika uwe sawa. Sauti yote inatakiwa isimame katikati, pale ambapo hakuna spika. Usisikie kulia, usisikie kushoto. Ukiona imetawanyika, ipo huku na huku na katikati pana shimo, na besi imekonda, kuna spika umeifunga nyaya kinyume. Ikivutia upande mmoja, spika moja ni dhaifu au umeiweka vibaya. Rekodi ya stirio haikwambii hilo kirahisi. Mikwaruzo ya santuri wala usiihofie, sikio linaizoea linaiacha pembeni, na likiiacha kirahisi ujue twita zako ni za kistaarabu.

#16 Ngosha Nyegezi
Shikamoo mzee. Hii ya kufunga kinyume umenigusa, waya nilizopewa hazina alama zote rangi moja. Nitajuaje?

#17 Fundi Igoma
Chomoa waya za spika kwenye amplifaya. Chukua betri ndogo ya 1.5, gusisha kidogo tu upande wa chanya kwenye ncha ya waya iliyokuwa terminali nyekundu ya amplifaya, hasi kwenye ile iliyokuwa nyeusi, huku unaangalia wufa, ile spika kubwa ya besi. Koni ikisukumwa nje ipo sawa. Ikivutwa ndani imegeuzwa. Fanya kwa spika zote mbili zifanane. Gusa na uachie, usiache betri imeng'ang'ania.

Na ukiwa hapohapo kagua ule mpira au sponji unaozunguka koni, bonyeza taratibu kwa kidole. Spika za Kijapani za miaka ya 80 na 90 zenye sponji huwa inaoza inakuwa unga, na hapo hata urekodiwe na malaika besi itakwaruza.

#18 Kapripointi
Zilipendwa sawa, kwaya sawa, ila dunia nzima wenye mziki wa maana wana rekodi zao zinajulikana. Hotel California ya Eagles, ile ya 1976. Ukienda maonyesho ya spika popote lazima uikute.

#19 Mpiga Solo Sengerema
#18 hapana mkuu, inayopigwa madukani na kwenye maonyesho sio ya 1976. Ni ile ya jukwaani kwenye Hell Freezes Over ya 1994, magitaa ya kavu, inaanza taratibu watu wanashangilia alafu linaingia lile dramu kubwa la chini. Watu wanaisubiri hiyo dramu tu. Kwa spika ndogo inasikika "tup", kwa spika inayoshuka chini inakufikia kifuani. Na makofi ya watu ni kipimo kizuri vilevile, yakiwa mazuri unasikia mikono ya watu wengi tofauti, yakiwa mabovu unasikia mvua.

#20 Kapripointi
Ya 1994 sawa. Nyongeza: Thriller ya Michael Jackson, 1982, injinia Bruce Swedien, mle ndani kila chombo kina sehemu yake. Aja ya Steely Dan 1977, mainjinia wake walipewa Grammy kwa kurekodi tu. Brothers in Arms ya Dire Straits 1985, hiyo ndo albamu ya kwanza kuuza nakala zaidi ya milioni moja za CD. Random Access Memories ya Daft Punk 2013. Hizi ukizikuta zinasikika vibaya kwako usilaumu rekodi.

#21 Mama wa Kwaya
Asante kwa orodha kaka, ila swali langu ni moja. Hizo nyimbo mtu wa Nyegezi hajawahi kuzisikia zikipigwa laivu wala hajui mwenye sauti anaongeaje. Atajuaje kwamba zimetoka sawa? Atasema tu zimependeza.

#22 Kapripointi
Dada hata ukienda studio kubwa wanatumia hizihizi kwa sababu wanazijua. Kujua kunatokana na kusikiliza mara nyingi kwenye vyombo tofauti, sio lazima umuone muimbaji. Ule utaalamu wa MP3 wenyewe ulipimwa kwa wimbo wa Suzanne Vega, Tom's Diner, sauti tupu bila chombo, Mjerumani Karlheinz Brandenburg aliutumia na mwanzoni sauti ikatoka mbaya kabisa mpaka wakarekebisha. Hakumfuata Suzanne sebuleni kwake.

#23 Mama wa Kwaya
Umeona sasa? Na yeye alichagua sauti ya mwanamke bila chombo. Nilisema #7.

#24 Dogo wa Kirumba
Mama kamaliza mchezo 😂😂

#25 Mjenzi Buhongwa
Nimetoka saiti. Naomba msikilize hii ya chumba maana mtamaliza nyimbo zote na bado jamaa atalalamika.

Mawimbi ya sauti yanasafiri kama mita 343 kwa sekunde. Chumba chenye urefu wa mita 4, chukua 343 gawa kwa mara mbili ya 4, unapata karibu Hz 43. Hiyo ndo noti ambayo chumba kinaishika chenyewe. Uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi, mi, ni Hz 41, yaani wimbo wowote besi ikishuka pale chumba kinaanza kuvuma. Ukikaa katikati ya sebule noti hiyo inapotea, ukirudi ukutani inajaa mpaka kero. Kwahiyo mtu na mke wake wamekaa makochi tofauti wanasikia besi tofauti kwenye wimbo mmoja na wote wanasema kweli.

Hiyo ni besi. Ile ya kuchoma masikio ni vigae na plasta, sauti ya juu inagonga inarudi kwako imechelewa kidogo inachanganyika na ya kwanza. Weka zulia zito kati yako na spika, pazia zito dirishani, kabati la vitabu au hata nguo pembeni ya spika pale sauti inapogonga ukuta kwanza. Vuta spika zitoke ukutani angalau nusu mita na zisiwe kwenye kona. Piga kofi moja katikati ya sebule, ukisikia mlio wa "tring" unarudi, umeshapata jibu na haujatumia wimbo wowote.

#26 Fundi Igoma
Chumba kinachangia sikatai. Ila sabufa yake ilikaa chumba hichohicho na haikuchoma.

#27 Mjenzi Buhongwa
Umesema mwenyewe #5 sabufa haikuwa na twita ya maana. Kitu cha kuchoma hakikuwepo.

#28 Fundi Igoma
Na faili mbovu nayo ilikuwepo. Leo sijashinda wala sijashindwa, tuendelee.

#29 Mawe Juu Mabatini
Hamjagusa umeme. Sisi tunaokaa juu ya mawe fimbo ya ethi, ile ya kupeleka umeme ardhini, kuichimbia ni shughuli, unakutana na jabali futi moja chini, na jabali lenyewe halipitishi umeme vizuri. Matokeo yake nyumba nyingi ethi ni jina tu. Amplifaya inaguna "mmmm" muda wote, ukiweka nyimbo za taratibu ule mguno unakula vitu vyote vidogovidogo, ile nyatiti ya #10 inavyofifia hutaisikia.

Jaribu hivi: washa amplifaya, usiweke wimbo, ongeza sauti mpaka nusu, sogeza sikio. Ukisikia mguno, chomoa waya wa king'amuzi na ule wa dishi. Mguno ukikata, tatizo ni mzunguko wa ethi kati ya king'amuzi na amplifaya, spika hazihusiki. Kwangu ndo ilikuwa hivyo na fundi mmoja mjini alishanishauri ninunue spika zingine.

#30 Dogo wa Kirumba
Mimi natumia blututhi sina waya sina mguno 😎

#31 Kapripointi
Na huna mziki pia dogo. Blututhi ya kawaida kabisa inabana sauti kwenye kilobiti 328 hivi ikiwa kwenye hali nzuri, ukiwa na simu na pokezi zenye LDAC, mfumo wa Sony wa kurusha sauti kwa blututhi, unafika 990, bado hujafika CD. Kwa kupigia sherehe sawa. Kwa kupimia spika tumia waya, au flashi moja kwa moja.

#32 Bwiru Pwani
Sasa naona siku hizi kuna faili za kilohezi 96 na 192, si ndo zinafaa kupimia? CD inaishia kilohezi 44 tu.

#33 Mpiga Solo Sengerema
#32 hapana, 44.1 ni idadi ya sampuli, elfu 44 na mia moja kwa kila sekunde, sio sauti inayotoka. Sauti inayotoka ni nusu yake, kilohezi 22 hivi. Sikio zuri la kijana linafika 20, ukizeeka linashuka. Kwahiyo CD imeshavuka unachosikia. Hizo 96 na 192 zina kazi studio wakati wa kurekodi na kuchanganya. Tofauti kubwa unayoisikia kati ya matoleo ya albamu moja mara nyingi ni kwamba aliyeandaa toleo jipya kafanya kazi tofauti, kaongeza au kapunguza.

Hapo ndo penye ugonjwa mwingine ambao hamjausema: kuna rekodi mpya zimeminywa ili zisikike kubwa kuliko za wenzao redioni. Kila kitu kipo juu, kunong'ona na kupiga kelele sawasawa. Death Magnetic ya Metallica ya 2008 mashabiki wenyewe walilalamika kwamba sauti imebanwa mpaka inapasuka. Bongo flava nyingi zipo hivyo. Ukizipigia kwenye spika nzuri zinachosha ndani ya nyimbo tatu, na huwezi kulaumu faili, chumba wala umeme. Ngosha inawezekana nyimbo zako zimetoka studio zikiwa zimeshakufa.

#34 Ngosha Nyegezi
Dah. Kwahiyo mpaka sasa nina faili mbovu, chumba kibovu, ethi mbovu, waya kinyume, na nyimbo zilizokufa studio. Kuna kilichobaki kweli?

#35 Mawe Juu Mabatini
Masikio 😂

#36 Mzee wa Santuri
Msimtishe kijana. Ngosha, kuna kitu kimoja cha masikio ambacho ni kweli lakini: ukilinganisha sabufa na spika mpya hakikisha zinapiga kwa ukubwa uleule. Inayopiga juu kidogo siku zote utaiona tamu. Wauza duka wanalijua hilo, spika wanayotaka uichukue wanaiongeza kidogo tu huku anakuongelesha.

#37 Mpiga Solo Sengerema
Mzee kwa hilo nakupigia saluti. Na rekodi ambayo mimi naitembeza kwenye flashi kila duka ni Remmy Ongala, Songs for the Poor Man ya 1989. Sikiliza Kipenda Roho, magitaa yanavyojibizana, solo na ridhimu kila moja ina chumba chake, tumba zina ngozi. Wale wanaosema mziki wetu haurekodiki vizuri wasikilize hiyo.

#38 Bwiru Pwani
Ile si ilirekodiwa Dar hapo hapo Radio Tanzania? Ndo ushahidi kwamba studio zetu zilikuwa nzuri.

#39 Mpiga Solo Sengerema
Hapana, hiyo ilirekodiwa Uingereza kwenye studio za Real World za Peter Gabriel, bendi yake Super Matimila walisafiri. Bendi ileile, mikono ileile, ila maiki na chumba tofauti. Na Mambo ya 1992 ni ya hukohuko.

#40 Mzee wa Santuri
Studio za Radio Tanzania nazo zilikuwa nzuri kwa kazi yake, tusizidharau. Kilichoua ni tepu kunakiliwa nakala ya nakala. Remmy nimemuona akipiga laivu Dar, watu mpaka kituo cha daladala wamekiita Sinza kwa Remmy na amefariki toka 2010 bado panaitwa hivyo.

#41 Bukoba Kwetu
Kwa Remmy nimekaa pale miaka ya chuo, chipsi za pale jamani...

#42 Mama wa Kwaya
Turudi kwenye mada wapendwa.

#43 Mtu wa Rorya
Real World hiyohiyo wana Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, albamu ya Chibite ya 1996. Ila onyo: ilimba, kile chombo cha Wagogo cha kupiga kwa vidole gumba, ina mlio wake wa kukwaruza, ndo ilivyotengenezwa. Jamaa yangu wa Musoma alirudisha twita dukani akisema zimekufa kisa ilimba, muuzaji naye akakubali zimekufa. Wote wawili hawajawahi kuiona ilimba ikipigwa.

#44 Ng'wana Kisesa
Hapo ndo pointi yangu inapokaa. Kabla ya kwenda Havana na California, nendeni Bujora hapa Kisesa siku ya Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, mwezi wa sita mkasimame karibu na ngoma za bugobogobo. Ngoma halisi ikipigwa ina kitu kinaanza ghafla, unasikia mkono au fimbo kwanza, ngozi inafuata, alafu ule mvumo wa chini unakuja na KUISHA. Haubaki unazungukazunguka. Sabufa zetu zinatoa mvumo tu kwenye Hz 80 mpaka 100 hivi, kila ngoma inafanana na kila gitaa la besi. Ukishasimama pale Bujora mara moja ukarudi nyumbani, hutahitaji kuuliza mtu besi nzuri ni ipi.

Mwenye rekodi safi ya wagika na wagalu, yale makundi mawili ya ngoma za Kisukuma yanayoshindana, atuambie, mimi bado natafuta, nyingi ni za simu.

#45 Kapripointi
Nani kataja Havana? Ila umenikumbusha, Buena Vista Social Club nayo iwekwe.

#46 Bwiru Pwani
Ile ya Wamarekani?

#47 Kapripointi
Ry Cooder aliyeisimamia ni Mmarekani, ila ilirekodiwa Havana studio za EGREM mwaka 1996, ikatoka 1997. Unasikia kile chumba kikubwa cha kizamani kabisa, wazee wamesimama wapi na wapi. Spika ikikuonyesha ukubwa wa chumba cha Havana ndani ya sebule ya Nyegezi, hiyo ni spika. Na ya Ali Farka Touré na Toumani Diabaté, In the Heart of the Moon ya 2005, gitaa na kora yenye nyuzi 21, ilirekodiwa hotelini Bamako kando ya mto Niger.

#48 Dogo wa Kirumba
Kila mtu kando ya maji yake. Alafu singeli mmeipuuza. Kuna Sounds of Sisso ya 2017 kutoka Nyege Nyege Tapes ya Kampala, inauzwa mtandaoni Bandcamp na unachagua FLAC kabisa, faili isiyokatwa kitu, sio ya kibandani. Spidi ile wufa ikichelewa kidogo tu kila kitu kinageuka uji. Mnaongelea ngoma inaanza na kuisha, sasa hii inaanza na kuisha mara nyingi kuliko nyimbo zenu zote.

#49 Ng'wana Kisesa
Dogo hapo nimekuelewa kwa mara ya kwanza.

#50 Fundi Igoma
Hata mimi. Ila ipigwe kwa FLAC na sio blututhi yako.

#51 Ngosha Nyegezi
Mrejesho mfupi wakuu. Betri nimefanya, spika moja kweli ilikuwa kinyume, nimegeuza. Mbaraka sasa amesimama katikati, nimemsikia mpaka mke wangu akauliza nani anaimba pale kwenye TV na TV imezimwa. Nimekopa zulia chumbani, kuchoma kumepungua ila kupo. Ayub Ogada nimeinunua, naisikia nyatiti vizuri. Nyimbo za stendi bado zinachoma vilevile.

#52 Fundi Igoma
Nilisema faili.

#53 Mjenzi Buhongwa
Zulia limepunguza na faili hazijabadilika. Unasomaje hapo fundi?

#54 Mpiga Solo Sengerema
Au ni nyimbo zilizominywa studio, maana Ogada haichomi kwenye chumba hichohicho na spika hizohizo. Ngosha tafuta wimbo mmoja wa bongo flava wa kwenye flashi, ununue wenyewe halali kwa ubora wa CD, uzipige zote mbili kwa sauti sawa kama alivyosema mzee. Ukichoma wote ni studio, ukichoma wa stendi peke yake fundi kashinda.

#55 Mama wa Kwaya
Na Jumamosi tuna mazoezi, anayetaka kuja kusikia alto inavyokaa kabla ya studio kuigusa aje tu, saa kumi jioni tunaanza, tunaimba bila kinanda nusu saa ya kwanza.

#56 Ng'wana Kisesa
Nakuja na kinasa sauti changu mama kama utaruhusu. Maiki mbili tu, hakuna kuminya.